Marufuku Peke Yake Haitauokoa Mji Mkongwe

Beit-al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, lilikuwa na kila ulinzi wa karatasi: mali ya serikali, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ulioingia Urithi wa Dunia mwaka 2000. Desemba 25, 2020 sehemu yake iliporomoka wakati wa ukarabati, watu wawili wakafa. Ikiwa jumba la serikali limefika hapo, mwenye nyumba ya kawaida atafanyaje?

Wapo wasemao basi masharti yanayokataza saruji yalegezwe, kila mtu ajenge kwayo. Hapana. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hupumua. Ukizipiga plasta ya saruji unyevu hubaki ndani, na boriti za mikoko huoza zilikoshikwa na ukuta, mahali ambapo jicho halifiki. Sharti ni sahihi. Kisicho sahihi ni kumwachia gharama mjane au mpangaji, ilhali picha ya mlango wake inauza vyumba vya hoteli. Serikali itenge sehemu ya mapato ya utalii kwa mfuko wa kugharamia chokaa, boriti na mafundi, kisha ndipo itoze faini.