Viambishi vya Mtandao: Ni Ushahidi Gani Utakiwao?

Kila mwalimu wa Kiswahili aijua kazi ya kiambishi tamati: kipande kidogo kipachikwacho mwishoni mwa neno na kulibainisha. Anwani za intaneti nazo zina viambishi vyake. Ile .com ya wafanyabiashara, .org ya mashirika na .ke ya Kenya huja mwishoni na kumfahamisha msomaji yumo katika uwanja wa nani. Lakini viambishi vya lugha havina mwenyewe, ilhali vya mtandao hugawanywa na shirika moja, ICANN, lililoundwa nchini Marekani mwaka wa 1998. Anayekabidhiwa kimoja hupata haki ya kuuza majina yanayokitumia.

Kwa muda mrefu wataalamu wamebishana: je, kabla ya kuongeza viambishi vipya, yafaa wanauchumi wathibitishe kwanza kwamba manufaa yatazidi hasara? Mwaka wa 2009 Dennis Carlton, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Chicago aliyeombwa maoni na ICANN, alishikilia kwamba kuzuia viambishi vipya ni kuzuia ushindani, na kwamba haikulazimu kuvingojea vipimo. Michael Kende, akiandika kwa niaba ya kampuni ya AT&T, akajibu kuwa faida na gharama sharti zipimwe kabla ya mlango kufunguliwa. Mwaka wa 2011 bodi ya ICANN iliamua kuufungua, na mwaka uliofuata maombi 1,930 yakawasilishwa.

Wanaodai ushahidi wana hoja nzito. Kiambishi kipya huwatwika gharama watu ambao hawakukiomba. Kile cha .xxx, kilichotengewa biashara ya ponografia, kilipofunguliwa mwaka wa 2011, vyuo vikuu kadhaa vya Marekani vililazimika kununua majina yao wenyewe humo ili mhuni asije akayatwaa. Hizo ni fedha zilizotumika kukinga jina tu. Hazikununua kitabu wala kumlipa mwalimu.

Hata hivyo, ushahidi wa faida ni mgumu kupatikana kabla ya jambo lenyewe kutendeka. Nani angepima mwaka wa 1985 kwamba .com ingekuja kubeba majina zaidi ya milioni 150? Mwaka wa 2000 ICANN ilikubali viambishi saba kwa pamoja, vikiwemo .info na .museum. Cha kwanza kilipata wanunuzi kwa mamilioni; cha pili kimebaki cha wachache, yaani majumba ya makumbusho. Je, tuseme hiki cha pili ni hasara? Jumba la makumbusho likitambulikana kwa jina lake, haja imetimia, ijapokuwa mapato ni haba. Sisi tufundishao isimu twajua kuwa idadi ya wasemaji haitoshi kuwa kipimo cha thamani ya lugha.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa la mwaka wa 2012 halikuwa kufungua mlango bila ya utafiti. Kosa lilikuwa kuifanya fedha ishike nafasi ya ushahidi. Kila ombi lilitozwa dola 185,000 za Marekani. Wahenga walisema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Kati ya maombi yale 1,930, yaliyotoka Afrika yalikuwa 17 tu. Uliwekwa mpango wa kuwapunguzia wasio na uwezo ada hiyo hadi dola 47,000, lakini waliojitokeza kuuomba msaada huo ulimwenguni kote walikuwa watatu. Kampuni tajiri haikutakiwa ithibitishe kwamba kuna amhitajiye; ilitosha kulipa. Baadhi ya kampuni hizo zimekwisha kuvirudisha viambishi vyao, kwa kuwa hazikuona la kuvifanyia.

Upo mfano wa ushahidi bora zaidi. Kwa kuwa .africa ni jina la bara, aliyekitaka alipaswa kuungwa mkono na angalau asilimia 60 ya serikali za Afrika. Mvutano ulikuwa mkali, ukafika hata katika mahakama za California, na kiambishi kikaingia mtandaoni Februari 2017. Walakini swali lililoulizwa lilikuwa la haki: wenye jina wamekubali?

Kwa duru iliyopangiwa kufunguliwa Aprili 2026, ada iliwekwa kuwa dola 227,000, na wanaostahili msaada wakaahidiwa punguzo la asilimia 75 hadi 85. Punguzo hilo ni jema, lakini halitoshi. Badala ya kumtaka mwombaji atabiri faida, atakiwe aonyeshe mambo matatu: ni jamii gani itakayokitumia kiambishi, ni nani atakayegharimika kulinda jina lake, na gharama hiyo itapunguzwaje. Kisha, baada ya miaka michache, hesabu ifanywe hadharani.

Wanafunzi wetu ndio watakaoishi ndani ya anwani hizi. Tusipowafundisha kuuliza jina ni la nani na nani analipia, watakuta majina yote yamekwisha kupata wenyewe, nao ni wapangaji tu.