Kibla Chetu Kiko Ng'ambo

Neno la Mhariri

Anayeswali Lubunga anauelekea mto. Wasomaji wetu wa Makiso na Mangobo huenda hawajaliwaza jambo hili, kwa kuwa wao wakisimama kuswali mto unabaki nyuma yao. Mji wetu wa Kisangani una komuni sita, tano ziko ng'ambo ya kulia, na Lubunga peke yake iko huku. Makka iko kaskazini-mashariki yetu, kilomita 2,800 hivi kwa mstari ulionyooka. Ukiuchora mstari huo kuanzia uani kwangu, unapita kwanza juu ya maji, kisha juu ya mapaa ya Makiso, ndipo uanze safari ndefu ya msitu wa Uele, Sudani na Bahari ya Shamu.

Mwenye shaka asubiri tarehe 28 Mei au 16 Julai, siku ambazo jua husimama wima juu ya Kaaba. Kwa saa zetu za Kisangani ni saa tano na dakika 18 asubuhi mwezi Mei, na saa tano na dakika 27 mwezi Julai. Asimike kijiti mchangani pale wanapofungia mitumbwi, aangalie kivuli chake. Kivuli kitaipa Makka mgongo. Akifuata upande wa pili wa kivuli, hatua chache tu ameshalowa miguu.

Nimeanza na kijiti kwa sababu toleo hili linahusu ibada na Hija, na nimechoka kusoma makala za Hija zinazoanzia kiwanja cha ndege. Zinajua bei ya tiketi na ubora wa hoteli, zinajua hema la Mina lina kiyoyozi au halina. Zinafika Arafa mapema mno. Hija ya mtu wa Lubunga inaanzia bandarini kwetu, na sina maana ya nauli ya mtumbwi. Namaanisha kwamba vitabu vya fikihi, vile vile ambavyo wazee wetu walisomeshwa chuoni wakiwa na mbao na wino wa masizi, vimeweka watu katikati ya mja na safari yake. Kabla ya kufunga mzigo alipe madeni. Arudishe amana. Awaachie anaowalisha masurufu ya kuwatosha mpaka arudi. Amwendee kila aliyemdhulumu, amwombe radhi, na kama alichukua kitu chake akirudishe. Baada ya hayo ndipo tuzungumze habari za ihramu.

Kwa Kiarabu neno la dini na neno la deni huandikwa kwa herufi zile zile tatu. Kiswahili kimeyatenganisha kwa irabu moja, na nahofia irabu hiyo imetupoteza. Tunasema Hija humrudisha mtu safi kama siku aliyozaliwa, nasi tunapenda sana kulisema hilo. Wanazuoni wengi huongeza jambo ambalo kwenye hotuba za kuagana huwa halitajwi: kinachofutwa ni kilicho kati ya mtu na Mola wake, ama haki za watu hubaki shingoni mpaka wenyewe wasamehe au walipwe. Hata shahidi aliyekufa vitani, kwa mafundisho ya Mtume, husamehewa yote isipokuwa deni. Basi Mwenyezi Mungu, ambaye angeweza kutusamehe lolote, amekataa kusamehe kwa niaba ya jirani yangu. Mimi sijui heshima kubwa kuliko hiyo aliyopewa jirani.

Tuuangalie mto tena, kwa kuwa kuna mjadala wa zamani ambao ungeweza kuandikwa hapa hapa kwetu. Mafakihi wa mwanzo waliona kwamba mji mmoja uwe na swala moja ya Ijumaa. Lengo la Ijumaa ni kuukusanya mji, tajiri na hamali wake, na mji uliotawanyika kwenye misikiti ishirini haujakusanyika. Kisha Baghdad ikakua kuliko kanuni. Imamu Shafii mwenyewe aliingia Baghdad akakuta Ijumaa inaswaliwa zaidi ya mahali pamoja, naye hakukataza. Wafuasi wake, ambao ndio walioturithisha madhehebu sisi wa Afrika ya Mashariki, walihangaika karne na karne kueleza kwa nini alinyamaza. Baadhi yao walisema ni kwa wingi wa watu. Wengine walisema ni kwa sababu mto Dijla umeukata mji, na kila upande umekuwa mji wake. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa na kadhi mkuu wa Baghdad, aliyefariki mwaka 798, alikubali Ijumaa mbili kwa sharti mto mkubwa uwe kati. Inasimuliwa kwamba aliagiza daraja likatwe siku ya Ijumaa, ili pande mbili ziwe miji miwili kwelikweli na si kwa maneno.

Kadhi anayekata daraja ili swala isihi! Nilipokisoma kisa hiki kwa mara ya kwanza nilicheka, kwa kuwa Lubunga ingemwondolea kazi. Hapa hakuna daraja la kukata. Wakati wa Ijumaa kuna wanaovuka kwenda kuswali upande wa pili na kuna wanaobaki, na hakuna anayeweza kuwalaumu wanaobaki, hasa mto unapojaa. Lakini swali la mafakihi limenikaa moyoni. Hawakuuliza tu umbali wa msikiti. Waliuliza: watu hawa ni mji mmoja au miji miwili?

Lugha yetu ilikuwa imeshajibu. Jamaa, kwa Kiarabu, ni mkusanyiko. Swala ya jamaa ni swala ya waliokusanyika, nayo kwa hadithi iliyo mashuhuri huzidi ya mtu peke yake mara 27. Waswahili walipolichukua neno wakalipa maana ya ndugu: jamaa yangu ni mtu wangu wa ukoo. Aliyesimama kushoto kwangu safuni, bega kwa bega, asubuhi nikiulizwa ni nani nasema ni jamaa. Ni uamuzi mkubwa uliofanywa na watu wasioandika vitabu vya fikihi.

Ila nisiipambe historia. Uislamu ulikuja Boyoma, yaani Kisangani yetu, kwa mto huu, ukishuka kutoka Nyangwe na Kasongo kupitia Ubundu, na ulikuja pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Kituo cha Stanley kilifunguliwa hapa mwaka 1883. Mwaka 1887, kwa mkataba uliofanywa Unguja, Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, akawekwa na dola ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, kuwa liwali wa Maporomoko ya Stanley. Pamoja na watu wake ilikuja swala, ikaja lugha hii ninayoiandika, ukaja na mpunga, ambao hadi leo unalimwa mkoani kwetu na kupikwa na watu wa kila dini. Ikaja na minyororo. Bwana na mtumwa walisimama safu moja wakaelekea kibla kimoja, wakatoa salamu kulia na kushoto, na nje ya msikiti bwana akabaki bwana. Wapo wanaosema ibada iliwasawazisha. Kwa muda wa rakaa nne, ndiyo. Deni lililobaki baada ya salamu halijalipwa, na wajukuu wa pande zote mbili leo wanaitana jamaa bila kulitaja.

Watu wa Leopold waliokuja kuwafukuza Waarabu wa misafara hawakuja kulilipa deni hilo. Mwaka 1906 ulikuwa na mambo mawili makubwa: reli ya kilomita 125 kutoka ng'ambo yetu hii hadi Ponthierville, Ubundu ya leo, ilikamilika, na dola ya Leopold ikatia saini mapatano na Vatikani yaliyozipa misheni za Kikatoliki ardhi kwa ajili ya shule. Reli iliendelea kutuletea Waislamu kutoka Maniema. Shule hazikuwa za watoto wao. Chuo cha Kurani kikabaki ndicho mlango pekee wa herufi kwa wengi, na ndiyo maana hadi leo utamkuta mzee wa Lubunga asiyejua kusoma risiti ya Kifaransa lakini anasoma Yasini bila kukwama.

Hija yenyewe ina hesabu ambayo inafaa itushushe mabega. Mwaka 2025 mahujaji walikuwa 1,673,230. Tangu miaka ya 1980 nchi za Kiislamu zilikubaliana kwamba kila Waislamu milioni moja wapate nafasi 1,000 kwa mwaka. Chukua kalamu. Hata kama kila Mwislamu duniani angekuwa na nauli mkononi leo, na asizaliwe mwingine, foleni ingekwisha baada ya miaka 1,000. Hija basi, kwa umbile lake, ni safari ya wachache wanaokwenda na salamu za wengi. Wanaobaki wana kazi yao. Wapwani huhesabu miezi kuanzia kufungua saumu ya Ramadhani: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, na Mfunguo Tatu, ambao ndio Dhulhija. Siku ya tisa ya Mfunguo Tatu, mahujaji wanapokuwa Arafa juani, aliyebaki Lubunga amefunga. Kesho yake wote wawili wanachinja.

Na nyama ya Lubunga haibaki kwa Waislamu. Sisi ni wachache mtaani, na sahani inayopita juu ya ua inakwenda kwa Mkatoliki, kwa Mkimbangu, kwa mama wa kanisa la uamsho ambaye sauti za ibada zake zimetukesheza usiku mzima. Krismasi sahani hiyo hiyo inarudi na wali. Wapo vijana waliosoma mbali ambao wanaona ni legelege. Nawaomba wasome upya mlango wa jirani katika vitabu vyao wenyewe, kisha waje tule.

Naandika haya nikijua tulichokiona. Mwaka 2023 Mbole na Lengola, majirani wa miaka mingi, walimwagana damu hapa Lubunga kwa ugomvi uliotokana na ardhi. Nyumba zilichomwa. Familia zilivuka mto na godoro kichwani, nyingine zikalala madarasani. Haukuwa ugomvi wa dini, na sitaki mtu aufanye wa dini. Lakini Mwislamu aliyeswali mchana wa siku zile alielekea mto, na juu ya maji yale yale ya kibla chake walikuwa wanapita watu wanaokimbia. Kuna waliofumba macho wakasema ni khushui, unyenyekevu wa swala.

Malcolm X alihiji Aprili 1964. Watu hupenda kukisimulia kisa chake mpaka pale alipokula sahani moja na Waislamu weupe, kisha wanakifunga. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, askari wa miavuli wa Kibelgiji walishuka Stanleyville, Kisangani ya leo, kutoka ndege za Kimarekani, na Alhaji huyu akasimama mbele ya watu New York akiwasema Wamarekani kwa mabomu yaliyodondoshewa vijiji vya Kongo. Hakuwa amewahi kufika kwetu. Sisi tunaoishi hapa, tunasema nini tunaporudi kutoka Hija?

Hapo ndipo ninapogombana na baadhi ya wenzangu. Mtu akirudi Makka tunampokea kwa kaswida, tunampa cheo cha Alhaji, tunampisha kiti cha mbele, na tangu siku hiyo anakuwa mtu wa kupelekewa mambo. Sioni ubaya wa furaha. Ubaya nauona pale cheo kinapomwinua juu ya safu ambayo alikwenda kufundishwa kusimama ndani yake. Shuka mbili zisizoshonwa hazina mfuko wala nembo. Tukimvika joho akishuka tu, tumemvua alichokwenda kukitafuta. Makala za toleo hili zitawafaa wanaotaka kujua kutufu na kusai, miko ya ihramu, na hukumu za mwanamke msafiri. Nimeziomba pia makala kuhusu wosia, ushahidi wa madeni, na kugawana ardhi ya urithi, na nikaulizwa na mjumbe mmoja wa kamati yetu zinahusiana vipi na Hija. Nimeziweka mbele.

Katika mtaa wetu yuko mzee mmoja, fundi wa baiskeli tangu zama za matoleka, zile baiskeli za kubebea abiria, ambaye ameweka akiba ya Hija kwa miaka mingi. Fedha sasa zimetimia. Mwaka uliopita alianza kuzunguka na daftari la shule, kila ukurasa jina la mtu anayemdai au aliyemkosea. Wengine walicheka, wengine walilia, mmoja alimdai spoki ambazo hakuna aliyezikumbuka ila yeye. Kurasa zote zimekwisha kufutwa isipokuwa moja. Ni ya mama aliyekuwa jirani yake ukuta kwa ukuta, aliyeukimbia mtaa usiku mmoja wa 2023. Mzee alisikia akigonga, akamnyamazia. Mlango wake haukuguswa, wa yule mama ulichomwa. Anasikia mama yuko ng'ambo, wengine wanasema Kabondo, wengine Tshopo.

Jumamosi iliyopita nilimkuta bandarini, daftari limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki lisilowe, anapatana nauli. Ilikuwa mara yake ya nne kuvuka. Nikamwuliza, Papa, na safari je, majina si yanafungwa mwezi huu? Akaniambia, mdogo wangu, bado jina moja. Kisha mwenye mtumbwi akamwita, akakunja suruali, akaingia majini.