SHETANI WA KWENYE CHATI ANA RANGI GANI?



Leo nitawaudhi wengine, na wa kwanza ni walimu wetu wa Shule ya Jumapili. Ile chati mnayofundishia watoto, kwamba moyo wenye dhambi ni mweusi na uliooshwa ni mweupe: nani aliwaambia dhambi ni nyeusi? Fungueni Isaya 1:18. Pale dhambi ni nyekundu.

Kulikuwa na daktari wa magonjwa ya akili, Frantz Fanon, mtu mweusi wa kisiwa cha Martinique kilicho chini ya Ufaransa. (Hakuwa mhubiri, najua, msinitumie ujumbe.) Mwaka 1952 alitoa kitabu, na humo akabishana na Carl Jung wa Uswisi. Jung alisema binadamu huzaliwa tayari na picha za kale zilizozama ndani yake, chini ya fahamu. Fanon akasema hapana, picha hizo hupandwa na jamii. Mtoto wa Martinique alisoma vijarida ambamo pepo na mtu mbaya ni mweusi au Mhindi Mwekundu, na shujaa ni mzungu. Naye akamshangilia mzungu. Akakua hivyo, akijiogopa bila kujua kwamba anajiogopa.

Mtoto huyo leo yuko kwetu, darasani nyuma ya kanisa. Tunamwonyesha shetani mweusi, malaika mweupe, Yesu wa nywele za dhahabu. Akifika miaka ishirini anajichubua kwa krimu mpaka mashavu yanaungua, nasi tunamwita madhabahuni tukemee roho ya kujikataa. Roho gani? Tuliipanda wenyewe kwa kalamu za rangi! Mapepo yapo, nimeyakemea na nitaendelea kuyakemea. Lakini kukemea kwenye kesha kile ulichofundisha Jumapili asubuhi ni mchezo.

Mtasema, "Pasta, ni picha tu." Someni Hesabu 12. Miriamu alimnung'unikia Musa kwa sababu ya mke wake Mkushi, mwanamke wa Afrika. Aliyegeuka mweupe kama theluji siku ile ni Miriamu, na weupe huo ulikuwa ukoma.

Walimu, Jumamosi kabla ya mazoezi ya kwaya leteni hizo chati ofisini, tutachora zingine. Na wewe mzazi, jioni hii mpe mtoto karatasi, mwambie achore malaika. Usimwelekeze. Kisha niandikie hapa chini alichukua kalamu ya rangi gani.