JANI LISILOPIMWA

Kuna sauti mbili zishindanazo juu ya dawa za majani, nasi twazikataa zote mbili. Ya kwanza yasema, "Majani ni mambo ya wajinga, msomi asiyaguse." Ya pili yasema, "Jani hili laponya kila ugonjwa, hata Ukimwi; tupa vidonge vya hospitali." Ya kwanza ni majivuno. Ya pili yaua watu.

Tuwajibu kwanza wenye majivuno. Kwinini, ambayo wasafiri Wazungu waliichukua katika njia ya misafara toka Bagamoyo mpaka Tabora na Ujiji, ilitoka wapi? Ilitoka katika gome la mti wa Amerika ya Kusini. Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872, aliibiwa sanduku lake la dawa mwaka 1867, na tangu hapo homa ikamtesa sana. Tena mwaka huo wa 1972, miaka mia baada ya Kwihara, Tu Youyou na wenzake wa China walipata dawa ya malaria katika majani ya artemisia, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Basi asiyeheshimu mimea haheshimu hata dawa anywazo.

Lakini angalieni jinsi alivyoipata. Aliona kwamba moto mkali waiharibu dawa, akatafuta njia nyingine ya kuitoa. Kisha ikajaribiwa kwa wanyama, na kwa watu, na kipimo chake kikajulikana. Jani lilikuwa mwanzo wa kazi, wala si mwisho wake.

Sasa twawageukia wauzaji. Miembe hii mikubwa ya Tabora, ambayo wazee husema iliachwa na watu wa misafara, ina katika majani yake kitu kiitwacho manjiferini. Wataalamu wameona kwamba huzuia uharibifu uletwao na oksijeni, kama vile ndimu izuiavyo bilinganya lililokatwa lisigeuke jeusi upesi. Ni habari njema. Lakini muuzaji huisikia, akaenda sokoni na chupa, akasema, "Wataalamu wamethibitisha! Huua virusi!" Twamwuliza: Huua wapi? Katika gilasi, au katika mwili wa mtu? Hata sabuni huua kirusi cha Korona, wala hatuinywi. Twamwuliza tena: Vijiko vingapi? Kwa mtoto je? Kwa mwenye mimba je? Kwa mtu mwenye ini bovu je? Akinyamaza, amejihukumu mwenyewe.

Wala hatusemi mambo ya kubuni. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Wako waliokufa katika foleni ile, na wako walioacha vidonge vya Ukimwi wakidhani wamepona. Mwezi wa Mei 2020 serikali yetu ilituma ndege Madagascar kuchukua kinywaji cha artemisia kwa ajili ya Korona. Haikuthibitika kwamba chaponya.

Kwa nini basi tudanganywe, nasi tuna sheria ya tiba asili tangu mwaka 2002, na hapo Muhimbili pana chuo cha kuchunguza dawa hizo? Mganga mwaminifu haogopi kupimwa. Ni mwongo tu aogopaye mizani.

Ndugu wasomaji, twawasihi mambo matatu. Msiwadharau wazee wajuao miti, bali andikeni wanayoyajua kabla hawajafa nayo. Msinunue chupa isiyo na jina la mmea wala kipimo. Tena, mtu atumiaye vidonge vya Ukimwi asiviache hata siku moja kwa ajili ya jani lolote. Na akinywa majani, amwambie daktari, maana mficha maradhi, kilio humfichua.