«Jamaa Moja» ya Mdomoni

Kila wakati wa kura wakubwa huja hapa Luberizi na kusema: «Sisi ni jamaa moja.» Watu hupiga makofi. Mimi sipigi tena.

Mfano wa namna hii waweza kuunganisha taifa, sikatai. Ng'ambo ya ziwa, mwaka 1959, Nyerere alinena juu ya mshumaa wa kuwashwa kileleni Kilimanjaro, uangaze hata nje ya mipaka. Mwaka 1961, uhuru ulipofika, mwenge ukawaka huko kweli. Nuru haimwulizi mtu kabila lake. Kwetu, chama cha MPR, kilichoanzishwa 1967, kilitangaza jamaa yenye baba mmoja, Mobutu. Jamaa gani ile, ambamo baba peke yake ndiye aliyesema?

Lakini la leo ni baya zaidi. Mchana mkutanoni, jamaa moja. Usiku, kwa watu wa kabila lake, jirani amekuwa nyoka. Na nyoka hupigwa kichwani! Kule Rwanda, 1994, redio iliwaita watu mende: twajua yaliyofuata. Na Mutarule, hapa karibu, Juni 2014, watu zaidi ya 30 waliuawa usiku mmoja, hata watoto.

Akija tena, tumwombe arudie maneno yake ya usiku mbele ya wote, Mfuliru, Mrundi na Munyamulenge wakisikiliza.