Usiuze Mtamba Kabla ya Kuhesabu Nyaya

Baba mmoja wa Mwamapalala, katika wilaya ya Itilima iliyokatwa kutoka Bariadi mwaka 2012, atuuliza neno ambalo twadhani litawafaa wengi. Ana duka la kupiga picha na kuchapa karatasi. Kijana wake hupiga video za arusi. Kompyuta moja iko dukani, na ya pili, yenye diski kubwa ya kutunzia kazi, iko nyumbani nyuma ya duka, nazo zimeunganishwa kwa waya. Kuhamisha arusi moja kutoka hii hadi ile kwachukua saa nzima, na umeme ukikatika, huanza upya. Kijana ashauri wauze mitamba miwili wanunue kompyuta mpya. Baba ataka kujua: je, auze?

Asiuze kwanza. Ndugu msomaji, chukua kalamu tufanye hesabu pamoja.

Mwendo wa waya hupimwa kwa biti, lakini ukubwa wa faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Hapo ndipo wengi hupotea. Waya wa megabiti 100 kwa sekunde haupitishi megabaiti 100, bali 12 na nusu. Tena kwa kweli ni 11 na kitu tu, maana sehemu ya njia huliwa na anwani za mizigo yenyewe. Arusi yenye gigabaiti 40 basi itahitaji karibu dakika 60. Kama arusi zake ni za ukubwa huo, ndiyo saa ile ile anayoilalamikia! Nasi twaweza kukisia, bila kuiona nyumba yake, kwamba waya wake waenda kwa megabiti 100. Ungekwenda kwa 1,000, yaani gigabiti moja, arusi hiyo ingepita kwa dakika 6 au 7.

Na gigabiti moja si jambo geni. Ufundi huu, uitwao Ethernet, ulianza mwaka 1973 huko Marekani, katika kituo cha utafiti cha Xerox, kwa akili za Robert Metcalfe na David Boggs, na mwendo wake ulikuwa kama megabiti 3 tu. Mwaka 1995 ikatoka kanuni ya megabiti 100, na mwaka 1999 kanuni ya gigabiti moja katika waya wa shaba. Kwa hiyo kompyuta nyingi, hata zile zilizotumika, zina tundu la gigabiti tayari. Kwa nini basi mwendo hauji?

Sasa tuupasue waya. Ndani mna nyaya nane nyembamba, zimesokotwa mbili mbili kama kamba, jozi nne. Kusokota huko kwapunguza makelele yanayoingia kutoka nje. Alexander Graham Bell alipata hataza ya jambo hilo mwaka 1881 kwa ajili ya simu. Mwendo wa megabiti 100 hutumia jozi mbili tu. Gigabiti yataka zote nne. Ni kama zizi lenye malango manne: ukifungua mawili, ng'ombe watatoka, lakini jioni itakukuta bado wasimama. Uzi mmoja ukikatika, au usipobanwa vizuri kichwani, mara nyingi mashine hizi hupatana kimya kimya kwenda kwa 100, wala hazikuambii neno. Tena wako mafundi wanaounganisha nyaya nne tu, wakiziacha nyingine zikining'inia, kwa kuwa "inafanya kazi".

Yapasa basi kutazama kichwa cha plastiki kilicho angavu, pande zote mbili. Hesabu rangi nane. Zifuatane kwa mpango ule ule huku na huku. Kisha soma maandishi ya ganda: CAT 5E yatosha kabisa kwa gigabiti moja hadi meta 100, na CAT 6 pia. Halafu kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, umeuziwa alumini iliyopakwa shaba. Hiyo huvunjika upesi na kupoteza nguvu njiani. Mwisho tazama kile kisanduku kidogo kinachogawa nyaya, swichi. Kikiandikwa 10/100, hicho ndicho kizingiti, na bei ya kingine cha 10/100/1000 haimfikii mtamba hata kidogo.

Wauzaji watamsifia mitambo ya gigabiti 2 na nusu, hata 10. Aiache. Diski yake ikiwa ni ile ya sahani zinazozunguka, yenyewe mara nyingi huandika megabaiti 100 hadi 150 hivi kwa sekunde, na waya wa gigabiti moja hupitisha kama 110. Wamelingana. Tena waya mpya wa nyumbani hautaongeza mwendo wa intaneti. Hiyo yaja kwa njia nyingine.

Lipo jambo lituogopeshalo kuliko ucheleweshaji. Waya wake watoka nyumba hadi nyumba, na Usukumani twazijua radi zetu. Si lazima ipige waya. Ikipiga karibu tu, umeme wake waweza kuingia katika shaba na kuua mashine za pande zote mbili kwa mara moja. Wawezao hutumia uzi wa kioo kati ya nyumba, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme. Asiyeweza auchomoe waya huku na huku mara mawingu yanapojikusanya, si baada ya ngurumo kufika. Hapo kijana aliye dukani asimngojee baba.

Kabla na baada ya kurekebisha, wahamishe faili ile ile moja, na saa mkononi. Muda ukibaki vile vile, kosa liko penginepo, labda katika diski. Na kadi ya kamera isifutwe mpaka video imefunguliwa na kutazamwa katika kompyuta ya pili, kwa maana bibi arusi hataolewa tena ili apigwe picha upya.