Muziki wa Filamu Si Pambo

Wapo wanaodai kuwa muziki wa filamu ni pambo tu: ukiondoa picha, hubaki vishindo vya kutisha na vinanda vya kuliza. Dai hilo haliwezi kusimama mbele ya muziki ambao Howard Shore alizitungia filamu tatu za The Lord of the Rings, zilizotoka kati ya 2001 na 2003. Humo kila jamii ina sauti yake. Wahobiti wana filimbi na fidla za kijijini. Rohan ina fidla ya Kinorwe iitwayo Hardanger. Isengard hugongewa vyuma kwa mapigo matano matano, mdundo usiompa msikilizaji utulivu. Ushahidi mzito zaidi ni wimbo wa Ushirika, kundi la wasafiri tisa: huanza vipande vipande, hukamilika wasafiri hao wanapoungana, kisha huvunjika baada ya mmoja wao, Gandalf, kuanguka katika migodi ya Moria. Hapo muziki unasimulia.

Mpinzani atajibu kwamba maana hiyo imetoka kwenye picha. Ni kweli, picha ndiyo huanza kuifungamanisha sauti na kisa; lakini zikishafungamana, sauti huibeba maana peke yake. Ndiyo maana Shore aliweza kuugeuza muziki huo kuwa simfonia ya sehemu sita, ikapigwa kumbini bila filamu. Anayeuita pambo ausikilize kwanza.